Gita jipya lina doa, mkwaruzo au ufa? Likague hivi kabla hujaenda kugombana na muuza duka

Gita limefika, umefungua boksi, umeligeuza geuza na hapo ndo macho yameganda kwenye kitu. Kamstari karibu na daraja (kile kipande cha mbao usoni kinachoshikilia nyuzi), au kidoa mgongoni, au shingo upande mmoja rangi imekolea kuliko upande wa pili. Basi roho haitulii tena. Kuna watu wanakimbilia dukani kuwasha moto kwa kitu ambacho wala si kasoro, mbao ndo ilivyoumbwa, na kuna wengine wanasema aah ni urembo tu bana, sauti si iko poa, kumbe hicho wanachoita urembo ni daraja linabanduka taratibu na mvua ijayo gita halipigiki.

Mi nakuambia swali la kujiuliza ni moja tu: hii kitu itabaki hivi ilivyo, au itakua? Ikiwa itabaki, hiyo ni habari ya bei na moyo wako. Ikiwa inakua, hiyo unarudisha, hata kama leo haionekani vizuri kwenye picha. Hatua zote hapa chini zinazunguka hilo swali.

Hatua ya 1: Usibandue kitu kwanza

Stika za kiwandani ziache, kile kitambulisho kinachoning'inia kwenye pegi (vile vya kukazia nyuzi kichwani) kiache, boksi na mapovu yake usimpe mtoto. Kama bado hujafungua, washa kamera ya simu uchukue video moja bila kukatisha, kuanzia lebo ya boksi, kona zote nne, mpaka gita linatoka. Kona ya boksi ikiwa imebonyea, kumbuka ni kona gani afu ukaangalie sehemu hiyo hiyo kwenye gita, maana gita lililosafiri kwenye buti la basi chini ya magunia ya mtu huwa linaumia hapo hapo, hasa mkiani pale kwenye kigingi cha mkanda na juu kichwani.

Risiti iweke. Kwa Tanzania dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usikubali kikaratasi cha daftari, na kama ulilipa kwa simu ile meseji ya muamala usiifute.

Halafu kama limetoka kwenye duka lenye AC au limesafiri usiku kwenye baridi, liache ndani ya begi lake masaa kadhaa kabla ya kulikagua. Mbao na rangi havipendi kushtuliwa na joto.

Hatua ya 2: Futa, afu tafuta mwanga

Chukua fulana ya pamba iliyochakaa, kavu, futa gita zima. Bila maji, bila ile polishi ya kupulizia meza. Nusu ya "mikwaruzo" itaondoka hapo hapo kwa sababu ilikuwa mafuta ya vidole vya waliolijaribu dukani au mabaki ya nta ya kiwandani. Na angalia pikigadi, ile plastiki nyeusi chini ya tundu la sauti. Zikiwa mpya mara nyingi zina karatasi laini ya nailoni juu yake, na hiyo nailoni ndo imekwaruzwa na kuingia mapovu ya hewa, wala si pikigadi yenyewe. Jaribu kona moja kwa ukucha, kama inanyanyuka ujue ni nailoni, ila usiitoe mpaka uwe umeamua kukaa na gita.

Taa ya dukani inakudanganya, ile nyeupe ya juu inamulika kila kitu sawasawa na hakuna kivuli, kwa hiyo hakuna unachokiona. Nenda dirishani asubuhi au zima taa uwashe tochi ya simu, tochi ilaze karibu kabisa na uso wa gita iwe inamulika kwa ubavu, siyo kutoka juu. Kila bonde na kila kilima kitatoa kivuli. Ukishaona alama, pitisha ukucha taratibu kwa kukatiza. Ukucha ukipita bila kusikia kitu, alama iko chini ya vanishi au ni rangi ya mbao. Ukucha ukikwama, kuna kitu kimekatika, na sasa kazi ni kujua kimekatika mpaka wapi.

Hatua ya 3: Ujue ulichonunua

Hii watu wanairuka halafu wanabishana bure. Chungulia ukingo wa tundu la sauti. Kama uso wa mbele ni mbao nzima, ile mistari unayoiona juu inashuka moja kwa moja kwenye ukingo mpaka upande wa ndani. Kama ni plaiwudi utaona tabaka, na ya katikati mara nyingi ina rangi yake au imelala upande mwingine. Wengine wanapaka ukingo rangi nyeusi usione, basi hapo tafuta maelezo ya modeli. Mfano Yamaha F310, ambayo ukiingia kanisani au shuleni huku kwetu hukosi kuikuta, uso wake ni plaiwudi ya sprusi (mbao nyepesi nyeupe inayotumika sana kwenye nyuso za magita), wakati FG800 ya kampuni hiyo hiyo uso ni sprusi nzima.

Kwa nini ni muhimu? Mbao nzima inavuta unyevu na kuuachia, inavimba na kusinyaa, na ikisinyaa kupita kiasi inapasuka kwa kufuata mistari yake. Plaiwudi haipasuki kirahisi hivyo, tatizo lake ni tabaka kuachana. Kwa hiyo kamstari kembamba kwenye F310 kwa kawaida ni cha rangi tu, ila kamstari hako hako kwenye uso wa mbao nzima unatakiwa ukachunguze kweli kweli.

Kitu kingine ni bei. Gita la laki mbili na nusu za Tanzania halikukaliwa na mtu kiwandani akaanza kufuta tone la gundi kwa pamba, ukiingiza kioo ndani utaona gundi imechuruzika, ukiangalia kwa ukaribu utaona chembe ya vumbi imeganda kwenye vanishi, na hapo umepata ulicholipia. Gita la milioni mbili na nusu ni habari nyingine, hapo doa la ukubwa wa kichwa cha pini una haki ya kuuliza.

Hatua ya 4: Ondoa kwenye orodha vitu ambavyo si dosari

Rangi mbili kwenye uso mmoja. Uso wa gita kwa kawaida ni vipande viwili vilivyotoka kwenye ubao mmoja uliopasuliwa katikati na kufunguliwa, vikaungwa. Kama nyuzi za ubao zilikuwa zimelala kidogo badala ya kwenda sawa, nusu moja itaonekana nyeusi na nyingine nyeupe. Ukitaka kuhakikisha, geuza gita kichwa chini ukiwa umesimama pale pale kwenye mwanga. Ile nusu iliyokuwa nyeusi itakuwa nyeupe. Doa la kweli halihami.

Miale inayong'aa na kukatiza mistari ya sprusi, mifupi mifupi, inaonekana ukiinamisha gita hivi na kupotea ukiinamisha vile. Hiyo ni hariri ya mbao, inatokea ubao ukiwa umepasuliwa vizuri, ni dalili njema kabisa. Na kuna ile mikubwa isiyo na mpangilio ambayo mafundi wa nje wanaita kucha za dubu, kuna watu wanalipa hela ya ziada kuipata na wewe unataka kuirudisha.

Ubao wa freti (ule wa kwenye shingo unaobonyezea nyuzi, wenye vyuma vyembamba) kuwa na mabaka. Watu wengi wanaamini ubao wa eboni lazima uwe mweusi tii, ukiwa na mistari ya kahawia wanajua wamepigwa. Mwaka 2011 kampuni ya Taylor ya Marekani ikishirikiana na Madinter ya Hispania walinunua kiwanda cha mbao cha Crelicam pale Yaoundé, Kameruni, na Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alieleza hadharani kitu alichokikuta: wakata miti walikuwa wanaangusha mti, wakikuta ndani una mabaka wanauacha msituni uoze, kwa sababu mabaka hayauziki, wanaenda kutafuta mwingine mpaka wapate mweusi. Toka hapo Taylor wanatumia eboni yenye mabaka hata kwenye magita ya bei mbaya. Ugumu ni ule ule, uzito ule ule. Ukipewa eboni nyeusi isiyo na hata uzi mmoja wa kahawia kwenye gita la bei ya chini, mi ningeanza kujiuliza kama haijapakwa wino. Lowesha kona ya kitambaa cheupe, sugua kidogo mwisho wa ubao, kikitoka cheusi umejua.

Mstari wa mshazari nyuma ya shingo, karibu na kichwa. Huu ndo unaoua watu presha. Wanaona mstari pale mahali ambapo magita huvunjika wanasema nimeuziwa lililovunjika likagundishwa. Inawezekana, ila mara nyingi ni kiungo cha kiwandani, kwa kuwa shingo nyingi hazichongwi kwenye kipande kimoja, kichwa kinaunganishwa kwa mshazari ili kuokoa mbao, na chini kwenye kisigino, pale shingo inapoingia mwilini, wanabandika vipande juu ya vipande. Kiungo cha kiwandani kimenyooka, kiko sawa kushoto na kulia, na rangi ya mbao inabadilika ghafla kwenye mstari kwa kuwa ni vipande viwili tofauti. Mvunjiko uliogundishwa unapinda pinda kufuata nyuzi za mbao, kushoto haufanani na kulia, na ukiulalia na tochi vanishi ya pale inang'aa tofauti na ya jirani. Ukikuta hivyo kwenye gita "jipya", funga boksi urudishe, hapo hamna maongezi ya punguzo.

Hatua ya 5: Dosari za rangi na vanishi

Hapa napita haraka maana karibu zote hazikui. Mizunguko myembamba ya mashine ya kung'arishia, chembe ya vumbi iliyonaswa, tone lililoganda kwenye pembe ya shingo na mwili, vishimo vidogo vidogo pale ambapo vanishi imezama kwenye vinyweleo vya mahogani, rangi iliyovuka ikaingia kwenye ukingo wa plastiki. Gita la matte, yani lisilong'aa, kuwa na sehemu inayong'aa kidogo, hiyo ni mtu alisugua mkono pale dukani, haliondoki na ukilisugua zaidi litang'aa zaidi.

Mawili tu uyaangalie kwa makini. La kwanza, sehemu ambayo vanishi imesagwa mpaka mbao imebaki tupu, mara nyingi kwenye kona au ukingoni, kwa kuwa jasho na unyevu vitaingia hapo. La pili, vanishi inayonyanyuka, unaona kama wingu jeupe chini yake na ukibonyeza kwa kidole inacheza. Hiyo inatembea, leo ni ukubwa wa punje ya mchele, baadae kiganja.

Na mbonyeo? Mbonyeo ambao vanishi haijakatika ni urembo tu. Willie Nelson, yule mzee wa kantri wa Marekani, ana gita la Martin N-20 alilolichukua mwaka 1969, limechakaa mpaka limetoboka tundu la pili kubwa juu ya uso kwa sababu ya kuchapwa na piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi), gita lenyewe lilikuwa la nyuzi za nailoni na halina pikigadi, na limeendelea kupanda jukwaani miaka yote hiyo. Sikuambii ukubali gita jipya lililotoboka, nakuambia mbonyeo wa milimita mbili hauondoi noti hata moja.

Hatua ya 6: Ufa wa vanishi au ufa wa mbao

Hapa kaa, usiwe na haraka. Ni kama ukutani nyumbani, plasta inaweza kuchanika na tofali likawa zima, na ukiangalia kwa nje tu hujui.

Ufa wa vanishi peke yake mara nyingi haujali mistari ya mbao. Unakatiza, unapinda, unatoka mingi kwa pamoja ikielekea upande mmoja, hasa magita ya vanishi ya nitroselulosi yaliyopigwa na baridi ya ghafla. Ufa wa mbao kwenye uso wa sprusi unafuata mstari wa mbao, umenyooka, na kawaida ni mmoja. Kwa hiyo ule ulionyooka sambamba na nyuzi za gita ndo wa kuuogopa zaidi.

Sehemu za kutafuta: mstari wa katikati ya uso kuanzia daraja mpaka mkiani, pembeni mwa ubao wa freti kati ya tundu la sauti na shingo, ukingoni mwa pikigadi, na mgongoni pale vipande viwili vinapoungana. Pale kwenye pikigadi sababu ni kwamba plastiki na mbao havisinyai kwa kasi moja, kimoja kinavuta kingine.

Vipimo ni vitatu na vyote ni bure. Kwanza, usiku zima taa zote, legeza nyuzi kidogo uingize tochi ndogo au simu kama inapita kwenye tundu la sauti, angalia kwa nje. Mwanga ukipenya kwenye ule mstari, ubishi umeisha, ni ufa uliopita moja kwa moja. Pili, ingiza kioo kidogo cha mkononi uangalie upande wa ndani mahali pale pale, kama mstari upo ndani pia ni mbao imepasuka, kama ndani ni safi uko kwenye vanishi. Tatu, weka vidole viwili, kimoja kila upande wa mstari, bonyeza kwa zamu, taratibu kabisa. Ukisikia upande mmoja unashuka na mwingine unabaki, au kuna mlio mdogo wa kukwaruzana, acha kubonyeza, umeshapata jibu.

John Lennon alipokuwa kijana Liverpool miaka ya 1950 gita lake la mwanzo lilikuwa Gallotone Champion, lililotengenezwa Afrika Kusini, na ndani lilikuwa na lebo inayoahidi kwamba halipasuki. Yani toka enzi hizo watengenezaji walishajua mteja anaogopa nini.

Ufa wa mbao kwenye gita jipya, hata wa sentimita mbili, ni wa kurudisha. Fundi mzuri anaweza kuugundisha na kuweka vibandiko vya mbao kwa ndani ukadumu miaka, sikatai, ila hiyo ni kazi ya gita lako la zamani unalolipenda, siyo ya kitu ulichokilipia jana kwa bei ya kipya.

Hatua ya 7: Viungo

Daraja. Nyuzi za chuma seti ya kawaida ya 012 (uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012) zikiwa zimekazwa zinavuta kama kilo 70 na kitu, na mzigo wote huo unaangukia kipande cha mbao kilichobandikwa kwa gundi. Chukua karatasi ya kawaida ya printa, jaribu kuichomeka chini ya daraja kwa upande wa nyuma, ule unaotazama mkiani. Ikiingia kidogo sana, milimita moja hivi afu ikagoma urefu wote, hiyo ni pengo la vanishi tu, viwandani wengi wanaacha hivyo. Ikizama ndani milimita kadhaa, hasa kwenye pembe, gundi imeshaanza kuachia. Hii haiponi yenyewe, na ndo dosari ambayo wauzaji wengi wanaiita ya muonekano.

Uso kuvimba. Usishtuke ukiweka rula ikacheza, nyuso nyingi zinajengwa na mwinuko kidogo makusudi. Cha kuangalia ni kama mbele ya daraja, kati yake na tundu, kumezama huku nyuma kumepanda, na daraja lenyewe limeinamia mbele. Huku pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, unyevu uko juu na magita yanayotoka viwandani yamezoea asilimia 45 hadi 55, kwa hiyo yakifika yanavimba kidogo na nyuzi zinapanda juu. Kidogo ni kawaida. Dodoma wakati wa kiangazi ni kinyume, na walioko Muscat au Dubai wanaolala na AC, au Ulaya na Marekani wakati wa hita za baridi, wao shida yao ni ukavu.

Na ukavu ndo unaleta freti zinazochoma. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka kichwani mpaka mwilini, pande zote mbili. Ukisikia ncha za chuma zinakuna, ubao umesinyaa na chuma hakijasinyaa, basi zimebaki zimechomoza. Si dosari ya kuua gita, fundi anazipiga tupa laini na kumaliza, ila omba gharama hiyo itoke kwenye bei.

Ukingo wa plastiki unaozunguka mwili, angalia kiunoni pale gita linapobonyea ndani, na kuzunguka mkunjo. Hapo ndo unapoachia kwanza. Pengo linaloingiza ukucha lirudishe, pengo linaloonekana kwa tochi tu lipige picha.

Kisigino, pale shingo inapoingia mwilini: karatasi isiingie. Ikiingia, na nyuzi ziko juu, hiyo shingo inainuka na usijipe moyo.

Hatua ya 8: Ndani, halafu sikio

Ndani kuna vituko. Vumbi la msasa, alama za penseli, gundi iliyoganda, kipande cha mbao kilichochongwa vibaya. Vyote hivyo achana navyo. Unachotafuta ni brasi, ile mihimili iliyobandikwa chini ya uso na mgongo. Ligonge gonge gita kwa kifundo cha kidole kila sehemu, mbele na nyuma, ukiwa umeziba nyuzi kwa mkono mwingine. Sauti itabadilika badilika, sawa, ila ukisikia mlio wa kukereza au kutikisika sehemu moja tu, kuna brasi imeachia ncha. Kabla hujahukumu, kaza kwanza nati za pegi kichwani, maana nazo zikilegea zinatoa mlio huo huo na zimewasingizia mafundi wengi.

Kisha piga kila uzi, kila freti, polepole. Pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: uzi mnene kama milimita 2.5, uzi mwembamba kama 2, hapo uko vizuri. Ikifika 3 kwa gita jipya la bei ya kati inarekebishika kwa kusaga kile kipande cheupe cha daraja ambacho nyuzi zinapita juu yake. Ikiwa ni 4 na kipande cheupe kimeshabaki kifupi, gita zuri la kupiga picha hilo, la kupiga muziki hapana.

Pia angalia kama nembo kichwani imepinda, lebo ya ndani imefifia, namba ya siriali haipo au haifanani na ya boksi. Feki zipo nyingi, na dosari ndogo ndogo tano kwa mpigo kwenye gita la jina kubwa mi hunifanya nifikirie hilo kabla ya kufikiria kiwanda.

Hatua ya 9: Rudisha, omba punguzo, au kaa nalo

Inayokua: rudisha. Ufa wa mbao, daraja kubanduka, kisigino kuachia, brasi, vanishi inayonyanyuka, shingo iliyogundishwa.

Isiyokua lakini unaiona kila ukilishika, na ulilipa bei kamili: omba punguzo au wabadilishe. Kabla ya kubadilisha, kumbuka lile jingine nalo utalikagua upya, linaweza kuwa na rangi safi na shingo mbovu. Mi kama gita linasikika vizuri na nyuzi ziko chini, silitoi kwa ajili ya kidoa mgongoni.

Ongea na muuzaji mapema, siku hiyo hiyo au kesho yake, ukiwa bado hujaongeza mikwaruzo yako mwenyewe ya kifungo cha suruali. Kwa adabu, na picha mbili: moja ya mbali ionyeshe dosari iko wapi, moja ya karibu yenye sarafu pembeni ionyeshe ukubwa. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za mchana kaka, mimi ni yule niliyechukua gita Jumamosi. Nimelikagua nyumbani nimekuta daraja upande wa nyuma limeachia, karatasi inaingia, nimekutumia video. Stika na boksi vyote vipo. Naomba tubadilishe, au kama hamna jingine tuongee namna nyingine. Naweza kupita kesho saa nne?"

Atakuonyesha pale chini ya risiti pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Usipaniki. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zote zimetokana na ile ya Uingereza ya 1893, na ndani yake kuna sharti kwamba mwenye biashara akikuuzia bidhaa anayoshughulika nayo iwe na ubora wa kuuzika. Ila kuna mkia: kama ulikagua mwenyewe kabla ya kununua, hudai kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ulitakiwa uzione. Kwa hiyo mkwaruzo mkubwa usoni uliokuwa unauangalia ukiwa dukani Kariakoo, huo umeshaununua. Brasi iliyoachia ndani, hiyo ni yake.

Hatua ya 10: Ukiamua kukaa nalo

Usitie supagluu kwenye ufa. Usipige msasa. Usimpelekee fundi wa makochi apake vanishi ya milango, itakuwa nene na sauti itazibwa, na fundi gita wa kweli akija kulirekebisha atakuchaji mara mbili. Ubao wa freti wa rozwudi ukiwa umepauka unaupaka mafuta ya limau kidogo sana na kufuta yote, lakini ule uliopakwa vanishi usiuguse na mafuta. Stendi za mpira na vanishi ya nitroselulosi havipatani kabisa, mpira unaila rangi na kuacha alama nata, funga kitambaa cha pamba pale gita linapogusa. Kama uko sehemu yenye unyevu mwingi weka vijifuko vya silika kwenye begi, kama uko kwenye ukavu weka kile kisponji cha unyevu kinachouzwa kwa ajili ya magita, na kipima unyevu cha bei rahisi kitakuambia uko upande gani badala ya kubahatisha.

Na kama kuna mstari ambao umepima kwa vipimo vyote na bado hujui ni vanishi au mbao, uwekee alama. Kipande kidogo cha teipu ya karatasi kila mwisho wa mstari, teipu ile ya wapaka rangi isiyoshika sana, afu toa picha yenye tarehe (gita la nitroselulosi usibandike, piga picha na rula pembeni inatosha). Liangalie tena baada ya wiki mbili, na tena hali ya hewa ikibadilika. Teipu ziondoe ukishapiga picha, utazirudishia kwa kufuata ile picha. Mstari ukiwa umevuka pale teipu ilipokuwa, toa ile risiti kwenye droo, beba picha zote mbili, nenda.